Medali Moja ya Paris: Maswali ya Wananchi Kuhusu Timu ya Kenya ya Paralimpiki

Michezo ya Paralimpiki ya Paris ilifanyika kuanzia tarehe 28 Agosti hadi 8 Septemba 2024. Kenya ilipeleka wanamichezo 14 katika michezo mitano: riadha, baiskeli, kunyanyua uzani, makasia na taekwondo. Walirudi na medali moja ya fedha. Tangu hapo maswali yamekuwa mengi. Kuna yanayotaka maarifa, kuna ya lawama, na kuna yaliyozaliwa na uvumi. Timu ya taifa ni mali ya umma, kwa hiyo kila mwananchi ana haki ya kuuliza. Yafuatayo ni majibu ya maswali yanayorudiwa zaidi.

Nani aliyeleta medali hiyo?

Ni Samson Ojuka, katika kuruka mbali kwa wanaume wa daraja la T37. Aliruka mita 6.20 na kushika nafasi ya pili nyuma ya Brian Impellizzeri wa Argentina. Inafaa kuangalia medali hiyo imetoka wapi: haikutoka kwenye mbio za masafa ambazo Wakenya wamezizoea, bali kwenye shimo la mchanga.

Hiyo T37 maana yake nini?

Herufi T huonyesha mbio na kuruka, na herufi F huonyesha kurusha, yaani tufe, mkuki, kisahani na rungu. Tarakimu ya kwanza hutaja aina ya ulemavu, na ya pili hutaja kiwango chake. Kuanzia 11 hadi 13 ni wasioona na wenye uoni hafifu; 20 ni ulemavu wa akili; 31 hadi 38 ni matatizo ya kuratibu misuli, kama yale yanayoletwa na mtindio wa ubongo; 40 na 41 ni watu wa kimo kifupi; 42 hadi 47 ni ulemavu wa miguu au mikono; 51 hadi 57 ni wanaoshindana wakiwa wameketi; na 61 hadi 64 ni wanaotumia miguu bandia.

Ndani ya kundi moja, namba ndogo huonyesha ulemavu mkubwa zaidi. Kwa hiyo Ojuka wa T37 ana matatizo ya kuratibu misuli, lakini hukimbia na kuruka kwa miguu yake mwenyewe. Mwenye T33 hushindana akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Kwa nini wasishindane wote pamoja?

Kwa sababu mshindi angejulikana kabla ya mbio kuanza. Ndondi huwagawa mabondia kwa uzito ili ustadi ndio uamue, na Paralimpiki huwagawa wanamichezo kwa kadiri ulemavu unavyoathiri mchezo husika. Kazi hiyo ya kugawa madaraja huitwa uainishaji, na neno hilo litarudi mara nyingi katika maelezo haya.

Je, kila mwenye ulemavu anaweza kushiriki Paralimpiki?

Hapana. Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki, yenye makao yake Bonn, Ujerumani, inatambua aina kumi za ulemavu. Nane zinahusu mwili: udhaifu wa misuli, viungo visivyokunjuka, kukosa kiungo au sehemu yake, miguu isiyolingana urefu, kimo kifupi, na hali tatu za misuli kukakamaa, kutetemeka au kujisukuma bila hiari. Mbili zilizobaki ni ulemavu wa kuona na ulemavu wa akili.

Hapa watu wengi huvunjika moyo, kwa hiyo tuseme mapema. Mwenye jicho moja tu linaloona vizuri hastahiki. Mwenye kuona vizuri akivaa miwani hastahiki. Maumivu ya muda mrefu peke yake, ugonjwa wa moyo na pumu havimo katika orodha. Kukataliwa huko hakumaanishi kwamba mtu hana ulemavu au hana shida. Kunahusu mashindano hayo tu.

Mbona viziwi hawamo?

Viziwi wana michezo yao, Deaflimpiki, iliyoanza Paris mwaka 1924, yaani ni mikongwe kuliko Paralimpiki yenyewe. Kigezo ni kutosikia sauti iliyo chini ya desibeli 55 kwa sikio lililo bora zaidi, na mshindani huvua vifaa vya kusaidia kusikia anapoingia uwanjani. Mbio huanzishwa kwa taa.

Katika Deaflimpiki iliyofanyika Caxias do Sul, Brazili, mwaka 2022, Kenya ilipata medali 24. Kwa hiyo ukisikia mtu mmoja akisema timu yetu ya wenye ulemavu ilileta medali 24 na mwingine akisema ilileta moja, huenda wote wanasema kweli. Wanazungumzia michezo miwili tofauti.

Na Olimpiki Maalumu?

Hiyo ni ya watu wenye ulemavu wa akili, na ilianza Chicago mwaka 1968 chini ya Eunice Kennedy Shriver. Inapokea watu wa viwango vyote, hata wanaoanza, na lengo lake kuu ni ushiriki. Paralimpiki hupokea wachache waliofikia viwango vya kufuzu.

Nilimwona mkimbiaji "asiyeona" akisoma simu yake. Alitudanganya?

Si lazima. Watu wengi wanaohesabiwa kuwa na ulemavu wa kuona huona kiasi: wengine huona mwanga na vivuli, wengine husoma maandishi makubwa wakiyaleta karibu na uso, na wengine husikilizishwa maandishi na simu yenyewe. Wa T12 na T13 wana uoni hafifu. Wa T11 hawaoni au karibu hawaoni kabisa, na ili kuondoa shaka wote hufungwa kitambaa cheusi machoni wakati wa mbio.

Lakini wapo waliowahi kudanganya?

Ndiyo, na ni vizuri kulisema wazi. Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya Hispania ya mpira wa kikapu kwa wenye ulemavu wa akili ilitwaa dhahabu, kisha ikabainika kwamba wachezaji wengi wa timu hiyo hawakuwa na ulemavu huo. Medali zilirudishwa. Adhabu iliwafikia pia wasiokuwa na hatia: wanamichezo wenye ulemavu wa akili wa dunia nzima waliondolewa Paralimpiki, na hawakurudi hadi London mwaka 2012. Siku hizi anayepotosha makusudi katika uainishaji hufungiwa, na anayemsaidia pia hufungiwa.

Tunawaomba wananchi jambo moja. Ukiwa na ushahidi, uupeleke kwa Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki. Ukiwa na shaka tu, usimpige mtu picha na kuisambaza. Kuna vijana walioacha michezo kwa sababu ya picha za namna hiyo.

Yule anayekimbia kando ya asiyeona ni nani, na kamba ni ya nini?

Ni mwongozaji. Anaona, na ndiye macho ya mwenzake: humwambia kona inakaribia, nani yuko mbele, zimebaki mita ngapi. Kamba fupi huwaunganisha mkononi. Haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwenzake, na haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho kabla yake.

Sheria ya kamba ni kali, na visa viwili vinaieleza vizuri kuliko kitabu cha kanuni. Henry Wanyoike wa Kikuyu alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi. Miaka mitano baadaye alikuwa Sydney katika mita 5,000 za daraja la T11, akiongoza kwa umbali mkubwa, ndipo mwongozaji wake John Kibunja, aliyekuwa mgonjwa, akaishiwa nguvu. Wanyoike hakuachia. Asiyeona ndiye aliyemkokota anayeona hadi mwisho, na dhahabu ikaja Kenya.

Paris mwaka 2024, katika marathoni ya wanawake, Elena Congost wa Hispania alikuwa wa tatu na alimwacha wa nne kwa zaidi ya dakika tatu. Zikiwa zimebaki hatua chache, mwongozaji wake alibanwa na misuli na kuyumba. Congost aliachia kamba kwa sekunde moja ili amdake asianguke. Waamuzi walimwengua, na siku hiyo nafasi ya tatu ikaenda kwa Misato Michishita wa Japani. Wengi walisikitika, na kusikitika ni haki yao. Hata hivyo kamba ndiyo alama pekee inayoonyesha kwamba wawili hao wanakimbia mbio moja, na waamuzi hawana kipimo kingine cha kutumia.

Mwongozaji naye hupata medali?

Kwa kawaida ndiyo. Hupanda jukwaani pamoja na mwenzake. Nancy Chelangat Koech alipotwaa shaba ya mita 1,500 T11 katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, alikuwa na mwongozaji wake Geoffrey Rotich. Hiyo ndiyo medali pekee ya Kenya katika michezo hiyo. Katika mbio ndefu inaruhusiwa kubadilisha waongozaji njiani, na hapo masharti ya medali ya mwongozaji huwa tofauti.

Zamani tulileta medali nyingi. Siku hizi tumelegea?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira zaidi, na linastahili jibu refu kidogo.

Takwimu ni hizi. Beijing 2008, medali 9, kati yake dhahabu 5. London 2012, medali 6. Rio 2016, medali 6. Tokyo, moja. Paris, moja. Ukiishia hapo utasema wanamichezo wamelegea. Sasa angalia dhahabu 5 za Beijing: tatu zilikuwa za Henry Kirwa na mbili za Abraham Tarbei. Watu wawili. Nchi ilisherehekea kana kwamba ina kikosi kizima cha mabingwa, kumbe ilikuwa na wanariadha wawili wenye kipaji kisicho cha kawaida. Umri ulipowapata, nyuma yao hapakuwa na foleni.

Pili, mashindano yenyewe yamebadilika. Mita 10,000, mbio zilizompa Wanyoike dhahabu Athens 2004 na kumpa Kirwa nyingine Beijing, hazikuwemo kabisa Paris. Tarbei, aliye na ulemavu wa mkono, alishinda mita 5,000 Beijing. Mbio hizo kwa daraja lake nazo zimeondolewa. Kati ya matukio 549 yaliyotolewa medali Paris, mbio za mita 1,500 na 5,000 kwa wasioona na wenye uoni hafifu zilihesabika kwa vidole.

Tatu, medali zimejaa mahali ambapo Kenya haipo. Kuogelea peke yake kulikuwa na matukio 141, karibu robo ya yote, na Kenya haikuwa na mwogeleaji hata mmoja. Zipo mbio nyingi za viti vya magurudumu na za miguu bandia, na hizo zinahitaji kiti maalumu cha magurudumu matatu au mguu wa kaboni, vifaa ambavyo gharama yake inazishinda familia nyingi. Nne, ili mtu ahesabiwe lazima awe ameainishwa kimataifa na amefikia kiwango katika mashindano yaliyoidhinishwa, na mengi ya mashindano hayo huhitaji tikiti ya ndege.

Kwa ufupi, idadi ya medali huamuliwa miaka mingi kabla ya ufunguzi, katika zahanati, shule maalumu na viwanja vya kaunti ambako mtoto hupimwa au hapimwi. Anayetaka kuuliza maswali magumu aanze huko, asianzie kwa wale 14 waliofika.

Viwango vya Paralimpiki si vya chini tu?

Katika fainali ya mita 1,500 T13 Rio mwaka 2016, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda kwa 3:48.29, na Henry Kirwa akawa wa tatu kwa 3:49.59. Wiki tatu kabla, kwenye uwanja uleule, dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 ilichukuliwa kwa 3:50.00. Haki itendeke pande zote: fainali ile ya Olimpiki ilikimbiwa polepole kwa mbinu, na muda bora wa wakimbiaji wake ulikuwa wa kasi zaidi. Lakini anayesema wenye ulemavu hushindana kwa huruma ya waandalizi, na atazame saa hizo mbili.

Majirani zetu wanafanyaje?

David Emong wa Uganda alipata fedha Rio na shaba Tokyo, zote katika mita 1,500 T46. Rwanda ilichagua njia nyingine na ikajenga timu ya wanawake ya voliboli ya kuketi, ambayo imeshiriki Paralimpiki tatu mfululizo kuanzia Rio. Mchezo huo unahitaji sakafu, wavu na mpira, na kwa maoni yetu ni mfano wa kuigwa na nchi isiyo na fedha za viti vya mbio.

Mtoto wangu ana ulemavu na anapenda michezo. Nianzie wapi?

Anza hospitalini. Omba tathmini ya ulemavu katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo, kisha msajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Weka nakala za ripoti zote za daktari, hata za zamani, kwani zitahitajika tena baadaye.

Pili, mwambie mwalimu wake wa michezo au ofisi ya michezo ya kaunti. Mashindano ya shule za wenye mahitaji maalumu ni mlango wa kwanza kwa wengi. Kutoka hapo shirikisho la mchezo husika na Kamati ya Kitaifa ya Paralimpiki huweza kumwita kwa uainishaji wa ndani ya nchi, na akiendelea vizuri humwombea leseni ya kimataifa. Mzazi hawezi kumsajili mtoto moja kwa moja kimataifa. Lazima apitie kamati ya nchi yake.

Wapo wazazi ambao bado huwaficha watoto ndani kwa sababu ya maneno ya watu kwamba ulemavu ni laana. Ulemavu una sababu zinazojulikana, kama uzazi wenye matatizo, maradhi, ajali na urithi, na hauambukizi kwa kucheza pamoja. Asiya Mohamed Sururu wa Mombasa alipoteza miguu yote miwili na vidole kadhaa katika ajali ya treni akiwa na umri wa miaka miwili. Amepiga makasia kwa jina la Kenya Tokyo na Paris.

Nina kadi ya Baraza. Je, haitoshi?

Haitoshi kwa Paralimpiki. Kadi inathibitisha ulemavu wako mbele ya serikali kwa ajili ya huduma na nafuu za kisheria. Uainishaji wa michezo hupima jambo jingine, yaani kwa kiasi gani ulemavu huo unakuzuia katika mchezo fulani. Mtu anaweza kupata kadi akakosa daraja, na anaweza kupata daraja katika mchezo mmoja akakosa katika mwingine.

Ndani ya chumba cha uainishaji hufanyika nini?

Wataalamu waliofunzwa, kwa kawaida wawili au zaidi, husoma ripoti zako za daktari, hupima nguvu, mwendo au macho, kisha hukutazama ukifanya vitendo vya mchezo wako. Mara nyingi hukutazama tena ukiwa mashindanoni. Mwishoni hukupa daraja na hadhi: ama limethibitishwa, ama litapitiwa tena kwa tarehe iliyotajwa.

Una haki ya kuelezwa kila hatua kabla haijafanyika, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kuingia na msaidizi, na mkalimani ikihitajika, na aliye chini ya miaka 18 asiingie peke yake. Unaweza kuombwa kupunguza nguo ili misuli ionekane, lakini sitara yako lazima ilindwe. Jambo likikutia wasiwasi, simamisha na ueleze. Nawe una wajibu: jitahidi kwa uwezo wako wote katika kila kipimo. Kujilegeza makusudi ili upewe daraja la walio na ulemavu mkubwa zaidi ni kosa.

Daraja haliuzwi. Mtu akikutaka pesa ili akupatie daraja fulani, usimpe, na uripoti.

Nisiporidhika na daraja nililopewa?

Pinga haraka. Katika mashindano ya kimataifa pingamizi huwasilishwa na kamati ya nchi yako, si wewe mwenyewe, na muda wake ni mfupi mno baada ya matokeo kubandikwa. Mwarifu kiongozi wa timu saa ileile.

Wenye ulemavu hutumia dawa nyingi. Huruhusiwa?

Kanuni za dawa zilizopigwa marufuku ni zilezile za wanamichezo wengine, na wapimaji huja bila taarifa. Anayehitaji dawa iliyo katika orodha kwa ajili ya matibabu huomba kibali cha matumizi ya tiba kabla ya kushindana, kupitia wakala wa taifa wa kupambana na dawa hizo. Usiache dawa ya kifafa, kisukari au shinikizo la damu kwa kuogopa kipimo. Ongea na daktari na uombe kibali.

Kuna hatari moja isiyojulikana sana. Baadhi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo wamewahi kujiumiza makusudi, au kuacha kibofu kijae, ili shinikizo la damu lipande na kuwaongezea nguvu. Jambo hilo limekatazwa kabisa, na si kwa sababu ya haki ya mashindano tu: linaweza kusababisha kiharusi na kifo.

Ni tahadhari gani za mazoezi tunazopaswa kujua nyumbani?

Mtu aliyejeruhiwa uti wa mgongo huenda asitoke jasho chini ya jeraha, kwa hiyo mwili wake hupata joto upesi. Afanye mazoezi asubuhi au jioni, anywe maji, na awe na kitambaa chenye maji shingoni. Anayekaa kitini muda mrefu ajiinue mara kwa mara na akague ngozi yake kila siku, kwani kidonda cha shinikizo huanza kwa wekundu tu na kinaweza kumlaza hospitalini kwa miezi. Anayetumia mguu bandia akague kigutu baada ya kila zoezi. Kikivimba au kuchubuka, apumzike.

Mwenye ualbino avae kofia pana, mikono mirefu na miwani ya jua, na apake mafuta ya kukinga jua, ambayo Baraza hutoa kupitia hospitali kadhaa za umma. Ualbino wenyewe haumpi mtu daraja la Paralimpiki. Kinachopimwa ni uwezo wa kuona.

Sheria inasemaje kuhusu haki zetu?

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kutajwa kwa lugha isiyomdhalilisha, kufika mahali pote pa umma na kutumia lugha ya ishara, maandishi ya nukta nundu au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kinataja michezo waziwazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilibadilishwa na mpya mwaka 2025. Uwanja wa umma usio na njia ya kiti cha magurudumu ni suala la haki, na unaweza kulilalamikia.

Niliachwa nje ya timu bila maelezo, au sikulipwa posho. Niende wapi?

Andika barua kwanza kwa shirikisho lako, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usipojibiwa, au jibu lisipokuridhisha, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 imeunda Mahakama ya Migogoro ya Michezo, inayosikiliza rufaa za uteuzi, nidhamu na uchaguzi. Omba vigezo vya uteuzi kwa maandishi kabla ya majaribio kuanza. Vikitolewa baada ya majaribio, vinazua ugomvi tu.

Michezo ijayo ni lini?

Los Angeles, kuanzia tarehe 15 hadi 27 Agosti 2028. Ambaye hajaainishwa mwaka mmoja kabla ya hapo atakuwa amechelewa sana.

Mimi naona vizuri na napenda kukimbia. Naweza kuwa mwongozaji?

Unaweza, na wanahitajika, hasa wanawake. Sharti la kwanza ni uwe na kasi kuliko unayemwongoza, kwa sababu utakimbia ukizungumza na ukifikiria kwa niaba ya wawili. Utahitaji leseni, utapimwa dawa kama mwenzako, na kosa lako la kanuni litamwondoa yeye pia mashindanoni.

Fika katika klabu ya riadha au shule ya wasioona iliyo karibu nawe na uongee na kocha. Msianze kwa kukimbia. Tembeeni kwanza mkiwa na kamba, mkubaliane maneno mafupi ya kona, tuta na mwisho wa njia, na umwache yeye aamue mwendo. Mazoezi ya siku za mwanzo yafanyike kwenye uwanja ulio wazi, mbali na barabara ya magari na bodaboda.